UZI: Maonyesho ya picha Mwanza kuchangia studio ya tatuu isiyofukuza mtu. Karibuni mkosoe

mkono_wa_wino (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nimekaa humu muda mrefu nikisoma tu, leo nashusha uzi. Ni mrefu kidogo, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye maoni.

Sisi ni kundi la watu wa kazi za rangi hapa Mwanza. Wapo wanaochora tatuu, wapo wanaoandika mabango ya maduka, wapo wanaopaka majina mitumbwi kule Kirumba. Mwezi ujao tunafungua maonyesho ya picha katikati ya mji, na sehemu ya mauzo itaanzisha studio ya tatuu ya jamii. Haitakuwa na bosi mmoja. Vifaa vitakuwa vya kikundi, mchoraji atalipia kiti kwa siku, na mtu yeyote aliyefikisha miaka 18 akifika atahudumiwa.

Najua swali linalokuja: kwani Mwanza tatuu hazichorwi? Zinachorwa sana. Zinachorwa geto, zinachorwa saluni za kiume nyuma ya pazia, zinachorwa kwa jamaa aliyeagiza mashine mtandaoni juzi na kujifunzia kwenye video. Kinachonikera ni wanaoachwa nje. Mji wetu mnaujua, mawe na vilima. Vyumba vya bei nafuu viko juu huko Mabatini, Igogo, Bugarika, unapanda ngazi za mawe mpaka magoti yanalalamika. Mwenye wilichea atafikaje? Kiziwi akifika, mchoraji hana hata daftari la kuandikiana, anakisia kwa ishara, na tatuu ikishakaa haifutwi kwa raba. Mwenye ualbino akiingia, wateja waliokaa kwenye benchi wanatoa simu kumpiga picha. Dada anayetaka kufunika kovu la moto mgongoni atavulia nguo wapi, wakati pazia lenyewe ni kanga iliyotobolewa na sigara?

Picha zitakazotundikwa zimechorwa na watu hao hao. Kuna mfululizo wa furu, vile visamaki vya ziwani ambavyo watoto wa sasa wengi hawavijui. Wataalamu walikadiria Ziwa Victoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, na nyingi zilitoweka sangara alipotapakaa miaka ya 1980. Mchoraji amewachora kwa wino juu ya mbao za mitumbwi mikuukuu, misumari na matundu yake yameachwa palepale. Kuna kazi za rangi ya mafuta juu ya mbao za dari, kwa mtindo wa Edward Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 na rangi za baiskeli. Halafu kuna meza ya karatasi za michoro ya tatuu, bei yake ni kama ya soda mbili tatu. Unainunua karatasi, ukitaka unaitundika sebuleni, ukitaka unaitunza mpaka studio ifunguliwe uje uchorwe.

Siku ya maonyesho hatuchori mtu. Mashine zitanguruma juu ya maganda ya ndizi na ngozi bandia za mpira, watu waone kazi inavyofanyika.

Haya, mpira kwenu.

Bishoo_wa_Buzuruga

Uzi bila picha ni batili.

mtumbwi_tupu

Mkuu wazo si baya ila waambieni vijana ukweli wote. Matangazo ya ajira za Polisi na Uhamiaji yanaandika wazi mwombaji asiwe na michoro mwilini. Nina ndugu alirudishwa kwenye usaili wa chombo kimoja (sikitaji) kwa kanyota kadogo nyuma ya bega. Miaka ya shule yote ikaishia pale. Mnafungua studio ya kuchangisha, mnajaza vijana wino, kesho wanalia ajira hakuna.

mkono_wa_wino

@mtumbwi_tupu hiyo hoja ni ya kweli na tumeiweka kwenye fomu. Kabla ya kuchorwa, mteja anasoma (au anasomewa, au anaelezwa kwa lugha ya alama) kwamba majeshi yetu hayachukui mtu mwenye tatuu, kwamba kuifuta kwa leza ni gharama kubwa na inaweza kuacha alama, kwamba ngozi nyeusi ina tabia ya kuota keloidi (kovu linalovimba) kuliko nyeupe. Akisaini, ametulia na nafsi yake. Akisitasita tunampa karatasi ya mchoro aende nayo nyumbani. Geto hakuna anayekwambia haya, maana anataka elfu zako kumi saa hiyo hiyo.

mzee_wa_Kisesa

Vijana msijione mmeleta jipya. Nendeni Bujora hapo Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaasisi Padri David Clement, muulize habari za Bayeye. Hao ni wacheza nyoka. Mtu akiingizwa kwenye chama chao alichanjwa chale na kupakwa dawa ya sumu ya nyoka ndani ya mchanjo. Alama ilibaki mwilini na kila aliyeiona alijua huyu ni nani. Mababu zetu waliandika kwenye ngozi kabla hatujajua daftari. Wamakonde kule kusini wao walijichora mpaka usoni.

Ila nawaonya kwa jambo moja. Nimeona kwa macho yangu wembe mmoja ukipita kwa watu wengi. Zamani tulisema ni mkosi wa mtu mgonjwa. Sasa tunajua ulikuwa wembe.

jiwe_juu_ya_jiwe

Walawi 19:28 inakataza kujichora alama mwilini. Someni wenyewe. Na ndugu zangu Waislamu wana hadithi zao juu ya hili, hawahitaji mimi niwafundishe.

mzee_wa_Kisesa

Tunaijua hiyo aya mwanangu, na sura hiyo hiyo inakataza kuvaa nguo iliyochanganywa nyuzi za namna mbili. Angalia lebo ya shati lako halafu urudi.

jiwe_juu_ya_jiwe

Hahaha mzee umenikamata, poliesta na pamba. Naacha hilo.

nesi_wa_zamu

Nafanya kazi hospitali, naomba nitie neno kwa sababu naona mmezungumza sanaa tu.

Sindano ya tatuu inaingia kati ya milimita moja na mbili, chini ya tabaka la juu la ngozi. Hapo kuna damu. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 na bado vikaambukiza, kwa hiyo ile kauli ya "nimeifuta na spiriti" iondoeni kichwani. Na ya kuchemsha kwenye sufuria pia. Maji ya Mwanza hayafiki hata nyuzi 100 yakichemka, maana tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa, inabana mvuke mpaka nyuzi 121 na kuushikilia hapo dakika 15 au zaidi, ndipo vijidudu sugu vinapokufa. Sindano zenyewe hazitakaswi. Zinatumika kwa mtu mmoja, zinaingia sefti boksi (kasha gumu la kutupia sindano), zinaenda kuchomwa. Ongeeni mapema na kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea taka, msije mkazitupa dampo zikachoma watoto wanaookota chupa. Wino mnamimina kwenye kikombe kidogo cha mteja mmoja, unaobaki unamwagwa hata kama roho inauma.

Wachoraji wote wachanjwe homa ya ini B, dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Watoto wetu wanaipata kliniki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, sisi wakubwa wengi hatuna.

Na kwa kuwa mmesema studio haifukuzi mtu: msimuulize mteja hali yake ya VVU. Wote mnawahudumia kana kwamba damu yao ina maambukizi. Tahadhari ikiwa sawa kwa wote, hakuna wa kunyanyapaliwa.

Mwisho, chunguzeni wino. Umoja wa Ulaya uliwekea masharti maelfu ya kemikali za wino wa tatuu kuanzia Januari 2022, na wino uliozuiwa kuuzwa kwao lazima utafute soko pengine. Chupa isiyo na lebo ya kiwandani, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, usiinunue. Na wale wa piko nyeusi msijifanye mko salama. Ile rangi ina kemikali inaitwa PPD, nimehudumia mikono ya maharusi iliyotoka malengelenge.

mkono_wa_wino

Nesi nakushukuru, umetuandikia nusu ya bajeti. Mpangilio wetu ni huu: hela ya kwanza inanunua otoklevu. Ya pili, sinki lenye maji ya bomba na tangi la akiba, kwa sababu maji yakikatika hatuwezi kusema "subiri yarudi" mtu akiwa amechorwa nusu. Ya tatu, kumwaga zege la mteremko mlangoni na kupanua mlango wa choo, wilichea iingie na kugeuka. Mashine za kuchorea tunazo tayari, mpya hatununui mwaka huu.

Kuna mwenzetu mmoja alitaka tuanze na kiti cha ngozi chekundu kwa ajili ya picha za mtandaoni. Tumemkatalia, amenuna, atarudi.

jiwe_juu_ya_jiwe

Nirudi upande wa hela. Mimi nimefanya kazi na mashirika, nawapa siri. Furu na mbao zake hazitawapa hela. Wekeni picha kubwa za wahusika: yule aliyeungua, yule mwenye ualbino analia, mama kwenye wilichea anatambaa kwenye ngazi. Wafadhili wakiona hivyo mifuko inafunguka. Nasema kwa nia njema.

mkono_wa_wino

Mkuu najua umesema kwa nia njema, ila hapo ndipo tutapishana, na hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Hatutatundika sura za watu. Tunatundika kazi zao. Mtu akinunua ubao wa furu aununue kwa sababu ameshindwa kuondoka bila huo ubao. Akiununua kwa huruma ataufungia stoo, na hatarudi, maana huruma ina kiwango, mtu akishaitoa mara moja anajiona amemaliza zamu. Anayeipenda picha ataonyesha wageni wake na wageni watauliza imetoka wapi.

Halafu fikiria mchoraji mwenyewe amesimama pembeni ya kazi yake na kibandiko kinasema "mlemavu amechora". Umemlipa au umemtukana? Vibandiko vyetu vina jina la msanii, jina la kazi, vifaa alivyotumia na bei. Basi. Bei tunaiandika chini ya kila picha kwa tarakimu, kwa sababu Mwanza mtu akiona picha haina bei anadhani ni ya wazungu, anapita.

Na tumekataa kazi. Ndiyo, tumerudisha picha za watu, wengine ni marafiki, kwa sababu hazijaiva. Maonyesho ya kuchangisha yana ugonjwa wa kupokea kila kitu, ukuta unajaa, jicho linachoka, na ile picha nzuri moja inafunikwa na kumi za kujaza nafasi.

Ukerewe_kwetu

Naomba nijibu hapa maana naona nazungumziwa.

Mimi nina ualbino, nimezaliwa Ukerewe. Wale furu ni wangu.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, Kanda ya Ziwa tulipokuwa tunawindwa, nilikuwa mtoto. Baada ya hapo wakaja watu wa kamera. Sura zetu zilikaa kwenye kalenda, kwenye fulana, kwenye mabango. Wengi walitusaidia kweli, siwezi kuwakosea adabu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza unachora nini kwenye daftari hilo. Nilikuwa nachora samaki. Baba mdogo alikuwa mvuvi, alinikalisha kivulini chini ya tanga siku nzima na kunitupia samaki mmoja mmoja niwatazame, kwa sababu macho yangu hayaoni mbali, lazima nimlete samaki karibu na pua. Ndiyo maana kwenye mbao zangu utaona magamba moja moja.

Kwa hiyo ndugu jiwe, ukija kwenye maonyesho nitafute. Tuongee samaki.

@nesi_wa_zamu nina swali. Nataka tatuu ya furu mkononi. Inafaa kwa ngozi yangu?

nesi_wa_zamu

Ualbino peke yake haukuzuii, na kwa kuwa melanini ni kidogo rangi zitaonekana vizuri kuliko kwa wengi wetu. Ila kwanza daktari wa ngozi akukague, hospitali ya Bugando wapo. Sababu ni hii: wino ukifunika doa au kidonda ambacho ni dalili ya saratani, tutachelewa kukiona. Chagua sehemu isiyopigwa na jua, mfano sehemu ya ndani ya mkono juu ya kiwiko, na mchoraji aache wazi alama zote zenye mashaka. Kidonda kibichi kisipakwe losheni ya jua, kifunikwe kwa nguo mpaka kipone. Kikishapona unaendelea na losheni yako kama kawaida. Kama unatumia ile Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, endelea nayo.

jiwe_juu_ya_jiwe

@Ukerewe_kwetu nitakuja ndugu yangu. Nitaleta na sato.

Mama Kayabo

Wanangu shikamooni kwa kazi, najua mimi ndiye wa kuamkiwa lakini leo nawaamkia mimi. Nauza kayabo (samaki wa chumvi) na dagaa soko la Mwaloni, binti yangu ndiye amenionyesha uzi huu.

Nilitolewa titi la kushoto kwa saratani. Namshukuru Mungu niko hai na biashara inakwenda. Nimesikia nchi za wenzetu mtu anachorwa chuchu pale palipotolewa, au ua. Mimi chuchu siitaki, mume wangu marehemu na watoto nimeshanyonyesha. Nataka kitu changu pale. Kila nikioga naona ule mstari, na ule mstari umechorwa na daktari, mimi sikuulizwa. Mnaweza? Au mzee kama mimi mtanicheka?

mkono_wa_wino

Shikamoo mama. Hakuna wa kukucheka, na akitokea atatoka yeye.

Nikujibu ukweli. Kovu linatakiwa liwe limetulia, angalau mwaka mmoja tangu upasuaji, na halina wekundu wala kuuma. Kama ulichomwa mionzi, ngozi ya hapo inakuwa dhaifu, kwa hiyo lazima uje na ruhusa ya daktari wako, siyo ya mdomo, ya maandishi. Ngozi ya kovu hainywi wino kama ngozi nyingine, hivyo tutaanza na nukta chache pembeni, tusubiri wiki kadhaa tuone inavyopokea, ndipo tuendelee. Kuchora chuchu ionekane ya kweli ni ufundi wa peke yake na hapa kwetu hakuna aliyeusomea bado. Ua, samaki, tawi, herufi, hizo tunaweza.

Chumba kitakuwa na mlango unaofungwa kwa ndani, na tuna mchoraji mwanamke. Binti yako atakaa na wewe muda wote.

nesi_wa_zamu

Nakubaliana na yote. Mama ukija kliniki kwa uchunguzi wako wa kawaida mwambie daktari kabisa, asije akakuta wino akashtuka. Na mkono wa upande uliopasuliwa, kama uliondolewa tezi za kwapani, usichorwe huo.

Mama Kayabo

Nimeelewa. Basi mimi nataka mshipi wa jarife, ule wavu wa kuvulia, unaofuata ule mstari. Na maonyesho nitakuja, picha moja nitanunua, nani alisema wauza dagaa hatuna kuta?

dalali_mstaafu

Mimi naongelea fremu ya duka mtakayofungulia studio. Mkipanga fremu tambarare, iwe Kirumba, iwe Makoroboi, iwe Nyakato barabarani, mwenye nyumba atawadai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Hapo ndipo vikundi vingi vinafia: mauzo ya maonyesho yote yanaliwa na kodi, otoklevu inabaki ndoto. Tafuteni mwenye nyumba ambaye atakubali zege la mteremko likatwe kwenye kodi. Wapo. Na mwandikiane, maana ukishamboreshea jengo anaona tamaa na kukutoa.

Jambo la pili, mkajisajili kama kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa baadaye kwa utaratibu mpya. Nyie makundi yote matatu mnayo.

mkono_wa_wino

Mzee wangu hilo la kukata kwenye kodi nalifanyia kazi kuanzia kesho. Mkopo tunaujua, ila ni mkopo, unarudishwa. Tumeamua kuukopa baada ya studio kuanza kuingiza, siyo kuanzia nao.

mtumbwi_tupu

Mauzo mnagawana vipi? Hapo ndipo huwa panaanza ugomvi.

mkono_wa_wino

Msanii 60, studio 40. Kuna waliosema msanii atoe yote kwa kuwa ni mchango. Tukakataa. Mbao, wino, nauli ya kivuko kutoka Ukerewe, msanii ndiye amegharamia. Anayetoa yote mwaka huu, mwakani hutamwona. Karatasi za michoro ndizo zinaenda studio asilimia 100, kwa sababu kuzichapa upya ni rahisi. Hela inaingia akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na hesabu nitaibandika humu humu.

kimya_kingi

Naomba kuuliza bila ubaya. Hii "isiyofukuza mtu" mbona imekaa kimtego? Mnamaanisha nani hasa?

mkono_wa_wino

Tunamaanisha hivyo ilivyoandikwa. Mteja anaulizwa umri, mzio, dawa anazotumia na mchoro anaoutaka. Maisha yake mengine hayamo kwenye fomu.

Bishoo_wa_Buzuruga

Nimerudi, nimesoma yote, nafuta kauli yangu ya picha. Sasa mimi nataka jina la mama yangu kifuani, kwa herufi za kulala. Mama yuko hai. Bei?

mkono_wa_wino

Bei tutaongea studio ikifunguliwa. Kwa sasa njoo maonyesho uchague herufi, halafu liandike jina kwenye karatasi umpelekee mama mwenyewe ahakiki. Tumeshafunika majina mengi yaliyokosewa.

Bishoo_wa_Buzuruga

Mkuu, mama akiiona hiyo karatasi, hapo studio nitakuja kama mteja wa makovu.